Kutoka Mkomaindo Hadi Mtandi kwa Siku Moja

(Maneno haya niliyasema Jumapili jioni hapa Masasi, mbele ya wazazi, vijana na wenzangu wa kikundi cha mazoezi. Nimeyaandika yote kwa ajili ya waliokuwa shambani na safarini.)

Asalaam aleykum! Bwana Yesu asifiwe! Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Vijana, hamjambo? Wageni wetu mliotoka Newala, Nachingwea na Tunduru, karibuni sana Masasi.

Niliombwa nizungumzie afya na mazoezi. Nitazungumzia milima, na naamini mkinivumilia mtaona sijatoka nje ya niliyotumwa.

Naomba nianze na swali. Msimamishe mtoto wa darasa la tano, mwulize mlima mrefu kuliko yote barani Afrika. Atakujibu nini? Kilimanjaro. Urefu wake? Mita 5,895. Ni nani aliyeupandisha Mwenge kule kileleni tulipopata Uhuru, Desemba 1961? Atakwambia Alexander Nyirenda. Anajua, na tunampongeza. Sasa mgeuze mtoto huyohuyo atazame dirishani mwa darasa lake. Mwulize: ule pale ni mlima gani? Juu yake kuna nini? Nyuma yake kuna nini? Atakujibu, "Ni mlima tu, mwalimu."

Ni mlima tu! Mlima ulioona babu yake akizaliwa, mlima unaomkinga jua la asubuhi anapokwenda shule, ni mlima tu. Simlaumu mtoto, ndugu zangu. Nani kati yetu amemshika mkono akampeleka?

Sikukuu ya Nanenane, wengi wenu mlipokwenda kwenye maonyesho kule Ngongo, Lindi, sisi marafiki tuliobaki tulikubaliana jambo moja. Tutoke na miguu yetu, tuanzie mlima Mkomaindo, tupite vilele vya jirani, tumalizie mlima Mtandi jua likiwa bado lipo. Tulikuwa watu wa kila namna: fundi cherehani, mama mmoja muuza samaki wa stendi, mwalimu wa jiografia, kijana wa bodaboda, wanafunzi wachache wa kidato cha nne, na mzee wetu mmoja mkulima wa korosho, ambaye ndiye aliyetuonyesha njia. Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, upepo wa kusi ukiwa na baridi yake.

Niwaambie tulichokiona kileleni kwanza, kabla sijasahau kwa kuwa na mengi. Jua lilipochomoza, bonde zima chini yetu lilikuwa na moshi wa rangi ya manjano. Kijana wa bodaboda akashtuka, akasema mashamba yanaungua. Mzee akacheka, akamwambia, "Sikiliza kwanza." Tukanyamaza, tukasikia mashine. Ilikuwa salfa! Wakulima walikuwa wakipulizia mikorosho dhidi ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu unaoharibu maua ya mkorosho, na kazi hiyo hufanywa mapema namna ile, umande ukiwa bado juu ya majani na upepo haujaanza kusumbua, ili dawa ishike. Kila mmoja wetu hapa amewahi kubeba mashine ile mgongoni au ana ndugu aliyeibeba. Lakini nani amewahi kuiona kazi hiyo yote kwa mara moja, shamba baada ya shamba, mpaka macho yanapoishia? Nilisimama pale nikaona jinsi watu wangu wanavyofanya kazi. Nawaambia kweli, nilijivuna.

Sasa nije kwenye jambo la kwanza ninalotaka mlichukue.

Yule fundi cherehani ana kibanda chini ya Mkomaindo. Amezaliwa hapa, ameoa hapa, amezeekea hapa, na mlima ule ameutazama kila siku akiinua kichwa kutoka kwenye cherehani. Tulipofika juu akatafuta kibanda chake. Alikipata kwa taabu, kwa kufuata paa la msikiti halafu barabara. Kisha akageuka huku na huku, akauliza swali ambalo vijana walilichukulia kuwa mzaha: "Sasa mlima wenyewe uko wapi?"

Lilikuwa swali la kweli. Ukiwa juu ya mlima, mlima huuoni. Unaona jiwe unalolikanyaga na nyasi zilizo mbele yako, basi. Umbo lote ulilolizoea limepotea. Unachokiona vizuri ni mlima wa jirani.

Tukashuka, tukapita bonde, tukapanda kilele cha pili. Hapo ndipo alipogeuka akauona Mkomaindo wake, lakini kutoka upande ambao hakuwahi kuuona tangu azaliwe. Upande ule una ufa mrefu wenye miti minene ndani yake, na mwamba ulio wazi juu yake, na kibonde kidogo chenye kijani hata mwezi wa nane. Alisimama. Tulimsubiri. Akasema, "Miaka yote hii nimekuwa nikiona kisogo."

Ndiyo maana nasema msipande mlima mmoja mkarudi nyumbani. Pandeni na wa jirani. Mkiupanda mmoja mtakuwa mmechoka tu. Mkipanda wa pili mtauona wa kwanza, na mkipanda wa tatu mtaiona yote miwili jinsi ilivyopangana. Nani alisema Masasi ni mji wenye milima? Masasi ni safu ya milima, na mji umeombewa nafasi katikati.

Hapo kilele cha pili mwalimu wa jiografia alitupa somo, na vijana wale walisikiliza kuliko wanavyosikiliza darasani, maana kitabu chenyewe walikuwa wamekikalia. Mwamba huu, alisema, ni naisi, mwamba uliopikwa kwa joto na kukandamizwa ndani kabisa ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Tunadhani milima hii iliinuliwa. Haikuinuliwa. Ardhi yote iliyoizunguka ilikuwa juu pia, lakini miamba yake ilikuwa dhaifu au yenye nyufa nyingi, ikaoza kwa maji, mito ikaichukua kidogo kidogo kwenda baharini. Kilichokuwa kigumu kikabaki kimesimama. Na hata hicho hakijatulia: mwamba uliobanwa chini ukiondolewa mzigo hutanuka, hupasuka, ukaanza kujimenya tabaka kwa tabaka kama kitunguu. Yale mabamba makubwa mnayoyaona yameanguka chini ya milima yetu ndiyo maganda yake.

Mashariki ilionekana kingo ya nchi ya juu ya Makonde, imenyooka tambarare kabisa, ndiko iliko Newala. Magharibi milima mingine ya mawe imesimama mmoja mmoja katikati ya pori, kuelekea Nanyumbu na Tunduru. Kaskazini ni bonde la Lukuledi, mto unaoishia Lindi. Kusini ardhi inateremka taratibu kuelekea Ruvuma, na ng'ambo ya Ruvuma ni Msumbiji, kwa ndugu zetu. Mtoto akisimama pale dakika kumi, ramani ya kusini haitamtoka kichwani mpaka anazeeka. Je, hilo halina thamani kuliko kukariri?

Jambo la pili ni mwendo. Vijana, hili ni lenu, nisikilizeni.

Baada ya kilele cha pili vijana walipata moto wa miguu. Wakatangulia. Mama yetu muuza samaki, mwenye mwili wake na magoti yake, akawa nyuma na mimi na mzee. Tulipokuwa tukiwakuta, wao walikuwa wamekaa kivulini, wamekunywa maji, wamepumzika. Sisi tukifika tu, wao wanainuka: "Haya, twendeni!" Mmeona linalotokea hapo? Mwenye nguvu anapumzika kila mara. Asiye na nguvu hapumziki hata mara moja. Anafika wenzake wakiondoka, naye kwa aibu anaondoka nao. Siku nzima inakwenda hivyo, halafu jioni tunasema fulani ni dhaifu, hawezi milima. Hawezi vipi? Mmempa nafasi gani ya kuweza?

Mzee ndiye aliyesimamisha msafara. Hakugomba. Alimwambia mama, "Mwanangu, pita mbele, ukae nyuma yangu mimi." Akawaambia vijana, "Nyinyi mtakuwa wa mwisho. Mkimwona amesimama, nanyi mmesimama." Basi.

Mwendo ukabadilika pale pale. Hatukuchelewa, maana hatukuwa tena na vituo vya kusubiriana. Mazungumzo yakarudi, kabla ya hapo kila kundi lilikuwa na habari zake. Na likatokea jambo ambalo lisingetokea kama mama yule angeendelea kuwa nyuma. Tulipokuwa tukipita kwenye vichaka chini ya kilele cha tatu, alisimama ghafla akainama kwenye mti mdogo uliozungukwa na ugwe mkavu. "Ming'oko hii," akasema, ile mizizi ya porini inayoliwa. Vijana walikuwa wamepita mahali kama pale asubuhi nzima bila kuona kitu. Akaomba panga, akachimba kwa ustadi ambao sijauona siku nyingi, akatoa mizizi myembamba mirefu. Kisha akachukua kile kichwa chenye ugwe, akakirudisha shimoni, akafukia, akapigapiga udongo kwa kiganja. Kijana mmoja akamwuliza kwa nini asichukue yote. Akamjibu, "Mama yangu alichimba hapahapa mlimani wakati wa njaa. Angechukua yote, mimi ningekula nini?"

Katika watu wote tuliokuwa nao, yeye ndiye aliyeujua mlima ule kwa mikono. Na tulikuwa karibu kumwacha nyuma.

Ndugu zangu, anayekwenda polepole zaidi ndiye anayestahili kuongoza. Nalirudia: anayekwenda polepole zaidi ndiye anayestahili kuongoza. Mkitoka na wazazi wenu, na watoto wenu, na rafiki aliyeugua, mwekeni mbele.

Nipite haraka kwenye mambo ya mwili, kwa kuwa niliahidi kuzungumzia afya. Maji lita tatu kwa kila mtu, kwa sababu vilele vyetu ni mwamba mtupu na jua la saa sita linatoka juu na chini. Raba yenye meno. Kandambili na yeboyebo ziacheni nyumbani. Muhogo wa kuchemsha, karanga, korosho za kuchoma, chai ya tangawizi kwenye chupa, hivyo vinatosha. Msiguse nyufa za mawe bila kutazama, humo mnakaa nyuki, na kifutu hupenda kujilaza palipo na joto. Wakati wa masika msipande kabisa: jiwe lililolowa lina utelezi wa hatari, na radi haina huruma na mtu aliyesimama kileleni. Wakati mzuri kwetu ni kuanzia Juni mpaka Agosti. Na kumbukeni, kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma: magoti huumia mtu akishuka, wala si akipanda. Shukeni kwa fimbo, hatua fupi, na mwacheni wa mbele afike mahali salama kabla wa nyuma hajaanza, jiwe likiponyoka lisimkute.

Sasa jambo la tatu, nalo ndilo lililonifanya nikubali kusimama hapa leo.

Kati ya kilele cha tatu na Mtandi tulishuka mpaka chini kabisa, kwenye shamba la bibi mmoja. Alitukaribisha maji. Kisima chake kiko palepale mlima unapokutana na udongo, na mnajua kwa nini visima vizuri vya hapa viko mahali kama hapo. Mvua ikinyesha juu ya mwamba mtupu, haina pa kuingia, inateremka yote. Inafika chini. Pale chini ikikuta miti, majani makavu na udongo mlaini, inapungua kasi, inazama, inakuwa kisima cha mwezi wa kumi. Ikikuta majivu na udongo uliokaushwa na moto, haizami. Inapita na udongo wenyewe, inachimba korongo, na kufikia Septemba mtu anatembea na ndoo kichwani kutafuta maji ambayo yalipita mlangoni kwake Januari.

Yule kijana wa bodaboda aliteka maji. Akashangaa kamba. Ilikuwa kamba ya vipande vipande, katani hapa, plastiki pale, kitambaa cha kanga mwishoni, mafundo kila baada ya hatua. Bibi akamweleza. Alipoolewa pale alikuwa akichota kwa kata, ameinama tu. Maji yalipoanza kushuka akafunga kamba fupi. Yaliposhuka tena akaongeza kipande. "Kila fundo unaloliona," alisema, "ni kiangazi ambacho maji yalinikimbia."

Nikamwuliza, bibi, yanakimbia kwa sababu gani? Hakunijibu kwa maneno. Alinyoosha mkono juu, kwenye mteremko wa nyuma ya nyumba yake. Ulikuwa mweusi tupu, umeungua siku chache kabla. Visiki vya miti michanga vilikuwa bado vinanuka moshi.

Moto kichaa! Nani anauwasha? Tusidanganyane, sisi ni watu wazima na tumekaa wenyewe. Moto huo hautoki mbinguni. Unawashwa na anayesaka panya. Unawashwa na anayesafisha shamba saa saba mchana upepo ukivuma, halafu anakwenda kula. Unawashwa na mtoto aliyetumwa kuchunga naye akaona ni mchezo. Simdharau anayesaka panya. Ni kitoweo chetu, nami nimelelewa nacho. Ila tulisaka zamani kwa kuchimba na kwa mitego, na maji yalikuwa yanachotwa kwa kata.

Mnaopulizia salfa mwezi wa saba na kulinda kila ua la mkorosho, mnaacha moto upite mwezi wa tisa juu ya vichwa vyenu? Mkorosho wako unakunywa nini, kama si maji yanayozama chini ya mlima ule?

Tulifika Mtandi jioni. Hapo sitasema mengi juu ya mandhari, wengi mnapajua na kanisa kuu liko chini yake. Niseme juu ya watu.

Mwaka 1876 msafara ulitoka Lindi kwa miguu kuja huku ndani. Aliyeuongoza alikuwa Askofu Edward Steere, yuleyule aliyefanya kazi kubwa ya kuandika sarufi ya Kiswahili na kutafsiri Biblia. Aliokuja nao walikuwa watu waliokombolewa utumwani, waliokuwa wamekaa Unguja. Wengi walikuwa watu wa bara, wa nchi zinazoelekea Ziwa Nyasa. Walikuwa wamepelekwa pwani kwa minyororo. Sasa walikuwa wanarudi bara kwa hiari yao, mizigo yao vichwani. Nia ilikuwa kwenda mbele zaidi, karibu na ziwa. Walipofika hapa hawakuendelea. Walikaa, wakaanzisha kijiji cha misheni.

Kwa nini walikaa hapa? Mzee wetu alikuwa na jibu lake, akilitoa huku ameegemea jiwe: "Mtu aliyetembea siku nyingi akiona maji, udongo mzuri na mahali pa kujificha, anauliza nini tena?" Mahali pa kujificha hakupataja bure. Mwaka 1882 Wangoni, waliojulikana huku kama Magwangwara, walivamia kijiji kile, wakachoma, wakateka watu. Waliofuata wakaanza upya. Mwaka 1905, wakati wa Maji Maji, misheni ikachomwa tena, wamisionari wakakimbilia Lindi. Wakaanza upya tena. Wazee husimulia jinsi watu walivyopanda kwenye mapango na nyufa za mawe haya kila vita ilipopita chini. Wale vijana wa kidato cha nne waliisoma Maji Maji kwenye kitabu, wakaijibu kwenye mtihani. Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba moto mmojawapo wa vita ile uliwaka hapa, chini ya jiwe walilokuwa wamelikalia wakila karanga.

Sasa nina maombi mawili, na sitayazungusha.

Walimu wangu, kila shule ya hapa itenge siku moja kabla mvua hazijaanza, darasa zima lipande angalau vilele viwili, likiwa na mzee wa mtaa anayejua njia na majina. Haihitaji basi wala kiingilio.

Wazee wa mitaa iliyo chini ya milima, kabla ya mwezi wa tisa haujaisha tufyeke njia ya moto kuzunguka miteremko, kuanzia nyuma ya nyumba ya yule bibi. Kikundi chetu kitaleta majembe, mapanga na watu. Tumeshaomba ruhusa yake, na amesema maji ya kunywa atatoa yeye.

Tutakutana Jumamosi, saa kumi na moja na nusu alfajiri, chini ya Mkomaindo kwenye kibanda cha fundi. Mwenye panga aje nalo, mwenye mzazi aje naye. Mama yetu wa samaki atakuwa mbele, na sote tutafuata mwendo wake.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.